Konzi ya Mlangoni

Wamesimulia waliotutangulia, nasi tunasimulia kama tulivyopokea, kwamba katika mji mmoja wa nchi za Khurasani, upande ule wa milima ambako baridi hupasua mitungi, palikuwa na madrasa ya wanazuoni wa fikihi. Sisemi madrasa ya watoto wanaokariri alifu na be. Hii ilikuwa ya watu wazima wenye ndevu na vilemba, waliotoka miji ya mbali kuja kusoma sheria ya Mwenyezi Mungu, wakila na kulala hapo hapo kwa mali ya wakfu. Mkuu wao alikuwa Sheikh Thabiti bin Wahbi, Mungu amrehemu, mcha Mungu wa kweli, mtu wa kufunga na kuswali, ambaye hakuna aliyewahi kusikia neno chafu kinywani mwake. Nalitaja hili mapema kwa sababu huko mbele mtamkasirikia, kama ninavyomkasirikia mimi kila nikisimulia kisa hiki.

Aliyeijenga madrasa hiyo na kuiwekea wakfu alikuwa mwanamke, mjane wa tajiri wa hariri. Kabla hajafa alikwenda mwenyewe sokoni, mkongojo mkononi, akawaomba wauza nafaka jambo moja. Kila watakapowapimia watu wa madrasa, kipimo kikishajaa, wachote konzi moja kwa mkono wao waiongeze juu, iwe sadaka yao. Konzi hizo zisiliwe na wanafunzi. Zipikwe uji katika chungu kikubwa kilichokaa mlangoni pa madrasa, upande wa barabarani, kwa ajili ya wajane, vipofu na wapita njia. Wauzaji wakakubali, na jambo hilo likawa ada ya soko. Kipimo kinajaa, muuzaji anachota konzi, anasema, "Na hii ya mlangoni." Hapakuandikwa chochote. Neno lile lilitosha, na watu wakala kwa neno lile miaka mingi baada ya bibi yule kuingia kaburini.

Sasa madrasa ile ilikuwa na mnunuzi wake, jina lake Bakhtiari. Yeye ndiye aliyekwenda sokoni kuwanunulia wanazuoni ngano, shayiri, mafuta na zabibu kavu. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alijua msafara upi umechoka na unataka kuondoka, akawangoja wenye ngamia mpaka wauze kwa kulalamika. Alijua muuzaji yupi anaoza binti na anahitaji fedha kabla ya Ijumaa. Alinunua kwa bei ambayo wengine waliiota tu, na katika kila alichonunua kikabaki kidogo kwake. Wanazuoni hawakuona kitu. Watu wale waliweza kukutajia kila aina ya mauziano yaliyo batili, na hoja ya kila mwanachuoni aliyekhitilafiana na mwenzake, lakini ukiwatilia ngano katika kiganja kimoja na shayiri katika kingine, wangekwambia zote ni neema ya Mola. Bakhtiari aliwaweka wote mfukoni. Aliwabusu mikono, akawavika vilemba vya ukoka, akawauliza mambo ya dini kwa sauti ya chini, nao wakampenda kuliko walivyopendana wao kwa wao.

Lakini nafsi ya mtu haijai. Bakhtiari akaanza kuzitazama zile konzi. Faida yake ya bei ilipanda na kushuka kwa misimu. Konzi hazikushuka, maana kila kipimo kilikuwa na yake. Wauzaji waliomwona bibi mwenye wakfu walikuwa wamekufa karibu wote, na watoto wao wamekaa mahali pao. Akawaendea, mmoja baada ya mwingine.

"Mabwana zangu," akawaambia, "wanazuoni wetu wanaona haya. Kila siku kutajiwa mlango mbele za watu, kana kwamba madrasa yetu ni ya ombaomba! Konzi toeni, Mungu atawalipa. Ila msiseme 'ya mlangoni.' Semeni tu 'hii yako.' Mola anazijua nia zenu."

Vijana wale hawakuona ubaya. Konzi ni ile ile na mkono ni ule ule. Wakawa wakipima, wakichota, wakisema, "Na hii yako." Mzee mmoja tu, wa mwisho katika wale waliomjua bibi, alikataa kubadilisha neno lake, na tangu siku hiyo Bakhtiari hakununua tena kwake hata punje.

Ikatokea asubuhi moja Sheikh Thabiti anasomesha kitabuni mlango wa uwakili, na wanafunzi wamemzunguka. Bakhtiari akaja akaketi nyuma kabisa, karibu na viatu, amekunja mikono.

"Sheikh wangu," akasema, "nina swali la mtu asiyesoma."

"Uliza, Bakhtiari. Hapa ndipo mahali pake."

"Mtu ni wakili wa watu katika kununua. Kanunua, kapimiwa, mauziano yamekwisha. Kisha muuzaji, kwa hiari yake, anamwongezea kitu kidogo. Kitu hicho ni cha nani?"

Wanafunzi wakaanza kunong'ona, kila mmoja na kauli yake. Sheikh akainua mkono wakanyamaza.

"Kilikuwa ndani ya bei?"

"La, Sheikh."

"Wewe ulikishurutisha?"

"Sikushurutisha hata kidogo."

"Na muuzaji alipokitoa alisema nini?"

"Alisema, 'Hii yako.'"

Uso wa Sheikh ukanawiri. Hakuna kitu kinachomfurahisha mwalimu kama swali lililopangwa vizuri. "Akisema 'yako', basi ni yako," akasema. "Ni halali yako, kula kwa raha." Kisha akawageukia wanafunzi. "Mmemsikia? Anauliza kwa mpangilio kuliko ninyi mnaolala na vitabu."

Lilibaki swali moja tu ambalo Sheikh angeliuliza: je, zamani muuzaji alikuwa akisema nini? Hakuliuliza. Yeye alikuja mji ule baada ya bibi mwenye wakfu kufa, chungu alikikuta mlangoni, akadhani kinajazwa na makombo ya jikoni. Na ukweli ni kwamba jibu lilikuwa tamu mdomoni mwake, na mtu mwenye utamu mdomoni huwa hatafuti chumvi.

Chungu hakikuondolewa siku ile ile. Bakhtiari hakuwa mpumbavu kiasi hicho. Kwanza uji ulipungua uzito. Kisha ukawa maji yenye punje zinazoonekana. Kisha zikawapo siku usipikwe kabisa, na mwisho mpishi akakiosha chungu akakifudikiza, kwa kuwa hakuletewa cha kutia. Maskini walikuja, wakatazama, wakaondoka. Hawakumgongea mtu mlango. Walidhani sadaka imekwisha, na nani humfuata mtu kumdai sadaka?

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuua. Siku moja Sheikh Thabiti akatoka kwenda kuswali, akapita mlangoni, akakiona chungu kimefudikizwa. Akasimama. Waliokuwa karibu naye walimsikia akisema, "Alhamdulillahi. Mwaka huu hakuna mwenye njaa." Akaenda zake, midomo ikicheza kwa dhikri.

Ndugu zangu, wizi wa Bakhtiari naweza kuusimulia nikiwa nimetulia, kwa sababu mwizi ni mwizi. Shukrani ile ya Sheikh ndiyo inayonichoma. Mtu kasimama mbele ya chungu kitupu katikati ya theluji, na moyo wake ukakimbilia maelezo mazuri.

Baridi ilipolegea, Sheikh akapata safari ya kwenda kutoa mkono wa pole kijiji cha jirani. Akaona amnunulie punda wake shayiri kidogo njiani. Hakuwa mtu wa soko; akasimama kwenye duka la kwanza aliloliona halina watu, nalo lilikuwa la yule mzee. Mzee akakitambua kilemba cha madrasa, akapima kwa adabu, kipimo kikajaa. Kisha akachota konzi, akaiweka juu, akasema, "Na hii ya mlangoni."

"Mlango gani, mzee wangu?" Sheikh akauliza.

Mzee akamtazama kama anayeulizwa na mtu jina la mtu huyo mwenyewe. "Mlango wenu, Sheikh. Konzi ya chungu cha maskini, aliyotuomba bibi yenu. Vijana hapa wameambiwa na mnunuzi wenu waseme 'hii yako.' Mimi nilikataa, na ndiyo maana unaliona duka langu hivi."

Shayiri ikamwagika kwenye matope. Sheikh hakuinama kuiokota. Safari ya pole ikaishia hapo, akarudi madrasa kwa miguu, akamsahau punda wake palepale sokoni.

Akamkuta Bakhtiari ghalani akifunga midomo ya magunia.

"Umekula konzi za maskini," Sheikh akasema.

"Nimekula fatwa yako, Sheikh wangu," Bakhtiari akajibu kwa upole, na hata hivyo akainuka kwa heshima. "Nilikuuliza mbele ya wanafunzi wote, ukasema ni halali."

"Ulijua ni za nani!"

"Nilijua. Ndiyo maana nikakuuliza. Jambo ninaloliona halali mimi mwenyewe huwa siulizi."

"Ulinidanganya."

"Nitajie neno moja nililosema likawa la uongo."

Sheikh akalitafuta neno hilo, naye bingwa wa maneno, asilipate. Ndipo Bakhtiari akamsogelea, akasema naye kama rafiki: "Sheikh, nyamaza tu. Kesho nitakijaza chungu, uji mzito, na zabibu juu yake. Hakuna atakayejua. Lakini ukisema hadharani, watu watajua kwamba fatwa zako hupatikana kwa kulipanga swali. Nani tena atakuletea ndoa yake au mirathi yake?"

Sitawadanganya kwamba Sheikh aliamua papo hapo. Aliingia chumbani mwake akafunga mlango, na wanafunzi wakasikia anaswali, ananyamaza, anaswali tena. Chungu kilijazwa kweli siku iliyofuata, mzito uji wake, na maskini wachache wakarudi wakila kwa mashaka. Sheikh aliwaona dirishani. Kila kitu kilikuwa kimetengenezwa, naye angeweza kuufungua mlango wake na kurudi darasani, mtukufu kama alivyokuwa. Huo ndio mtihani aliopewa, na sijui wangapi kati yetu tungeufaulu.

Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, wakamkuta amesimama kando ya chungu kichwa wazi, kilemba chake amekishika mkononi.

"Enyi watu," akasema, "nilitoa fatwa kuhusu konzi ya muuzaji. Naifuta. Lilikuwa jibu sahihi la swali la mwizi, na mimi sikutaka kujua zaidi kwa sababu nilisifiwa. Chungu hiki nilikipita kimefudikizwa nikamshukuru Mungu. Mwenye haki yake juu yangu, mimi hapa."

Mngependa niwaambie kwamba watu walilia, wakamkumbatia. Hawakulia. Wengine walicheka nyuma ya mikono yao. Wenye kesi wakahamia kwa mufti mwingine, kama Bakhtiari alivyotabiri. Wanafunzi walikasirika kwelikweli, si kwa ajili ya maskini, bali kwa kuwa ijaza walizobeba, hati zao za ruhusa ya kufundisha, zilikuwa na jina la Sheikh na sasa jina hilo limechafuka. Bakhtiari akafukuzwa kesho yake asubuhi, na kabla ya adhuhuri nyumba ya liwali ikamwajiri kwa ujira mkubwa zaidi. Mtu aliyewazunguka wanazuoni wa mji mzima, tajiri gani asingependa amnunulie?

Sheikh akaacha ukuu wa madrasa. Mahali pa Bakhtiari wakamweka mwanafunzi mmoja mwaminifu, aliyehifadhi mlango wa mauziano neno kwa neno. Soko likamla mzima mzima. Akaleta ngano yenye changarawe, mafuta yaliyochacha, zabibu zenye funza, na kila alichokileta alikinunua kwa bei ya juu. Wanazuoni wakavumilia kidogo, wakavunjika meno kidogo, kisha wakavaa majoho yao wakaenda kwa pamoja kumbembeleza Bakhtiari arudi. Akarudi, kwa masharti yake. Siku ya kwanza aliyowalisha mkate laini wakamwombea dua ndefu.

Konzi tu hakuzigusa tena, kwa sababu kila alipokwenda sokoni Sheikh Thabiti alikwenda nyuma yake. Kipimo kinapojaa, mzee yule, aliyekuwa mufti, alisimama katikati ya wauzaji akapaza sauti, "Ya mlangoni!" Watu wakamcheka, yeye asiwajali. Konzi akaipokea mwenyewe katika mfuko wake, akaipika mwenyewe, akaipakua mwenyewe.

Na alipokuwa hapakui, alikuwa akitafuta msamaha. Alijua, kama mnavyojua, kwamba haki ya Mungu huombwa kwa Mungu, na haki ya mja huombwa kwa mja. Akawa anabisha hodi vibandani, nyumba kwa nyumba. Wengi walisema, "Tumesamehe, Sheikh," kabla hajamaliza, kwa haya ya kumwona mtu mkubwa ameinama mlangoni pao. Hatimaye akafika karibu na ukuta wa mji, kwa mwanamke mmoja aliyesokota sufu, aitwaye Bi Sitara.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Thabiti, wa madrasa."

Bi Sitara akabaki nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi. Sheikh akaeleza yote, hakujitetea. Kijiti cha sufu kikasikika kikizunguka. Kisha kikaacha kuzunguka.

"Tulikuwa tukila pale, mimi na mama yangu," akasema Bi Sitara. "Mama alikuwa haoni. Nikimshika mkono mpaka kwenye chungu, maana alipenda kwanza kuugusa ukingo apashe vidole vyake moto. Siku tuliyokikuta kimefudikizwa, alikipapasa, akacheka. Akaniambia, 'Sitara, leo wamekiosha mapema, tumechelewa.' Kesho yake akaniamsha twende mapema. Na kesho yake tena, mapema zaidi. Kila siku alidhani sisi ndio tuliochelewa." Akakishika tena kijiti chake. "Alikufa kabla theluji haijayeyuka."

Sheikh akapiga magoti kwenye vumbi la mlangoni. "Nisamehe, binti yangu."

"Sehemu yangu nimekusamehe, Sheikh wetu, duniani na akhera. Ya mama siwezi kuisamehe. Si yangu. Muombe mwenyewe."

Mtu yule alikuwa amejibu maswali ya watu maisha yake yote. Angeweza kutafuta kauli ya mwanachuoni fulani kuhusu mrithi na haki za marehemu, na kauli hizo zipo. Hakutafuta. "Umesema kweli," akasema, akaondoka, machozi yakimdondokea ndevuni.

Miaka ikapita. Bi Sitara aliendelea kuja kwenye chungu na bakuli lake. Sheikh alimpakulia kama alivyowapakulia wengine, wakasalimiana, na hakulirudia ombi lake hata siku moja. Alikuwa ameshaambiwa pa kwenda kuomba.

Mauti yalipomkaribia, wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa wakubwa na hasira zao zimepoa, walikuja kumwambia kwamba wamemtengea nafasi uwanjani mwa madrasa, karibu na bibi mwenye wakfu, na juu yake watajenga kuba. Akakataa. Akaomba aitwe Bi Sitara. Akaja, amejifunika, akasimama kizingitini.

"Mama yako amezikwa wapi?" Sheikh akamuuliza.

"Makaburi ya maskini, nyuma ya tanuri za matofali. Kaburi lake halina alama. Nalijua mimi peke yangu."

"Waonyeshe hawa, wanizike karibu naye."

"Kwa nini, Sheikh?"

"Uliniambia nimuombe mwenyewe. Mimi mzee, naye haoni, na siku ya kufufuliwa umati utakuwa mkubwa. Nataka nikiinuka niwe karibu, nisije nikampoteza."

Bi Sitara akaondoka. Sheikh akafariki usiku ule, na siku ya pili, jeneza lilipofika nyuma ya tanuri za matofali, wakamkuta ameshatangulia, amekaa chini peke yake. Wachimbaji wakapiga jembe ubavuni mwa mahali alipowaonyesha. Akainua mkono kuwazuia.

"Si hapo," akasema. "Sogeeni chini. Mlazeni miguuni pake."

Na ile nafasi ya kuba haikukaa bure. Bakhtiari alipokufa, tajiri wa mali na wajukuu, janaza yake ilijaza uwanja, wanazuoni wakagombania kulibeba jeneza, na mmoja wao akasimama akasema hajapata kuona mtu mwenye huruma na wanafunzi kama yeye. Wakamzika pale, na kuba likajengwa zuri, wanasema, lenye vigae vya rangi ya samawati.

Wanafunzi wangu huniuliza kama yule mama alimsamehe. Nawajibu kwamba jambo hilo lina Siku yake na lina Hakimu wake. Mimi linanishughulisha jingine. Nikitoka nyumbani kwenda kuswali, hujiuliza leo nimepita mbele ya chungu cha nani, na nimesema nini nilipokiona. Ewe Mola wetu, usitufufue mbali na wale tunaopaswa kuwaangukia miguuni.